Mpini Upande wa Kushoto

Jumamosi, tarehe 9 mwezi wa tatu

Wifi Shoto,

Basi pale nilipokatizia, kabla muuza mkaa hajanigongea geti kama nyumba inaungua, nilikuwa nakwambia habari za mke wa mwalimu mkuu. Si kaja jikoni kwetu kuazima chujio! Kaona lako na langu yananing'inia ukutani pamoja, akaniuliza, "Mama, mbona kwenu kila kitu viwili viwili, mmefungua duka?" Nikamwambia duka la nani, hivi ni vyangu na vya wifi yangu, mama mkwe ndiye aliyetupangia, huyu hanunui kitu kimoja hata umfunge kamba. Visu viwili, miko miwili, vibao vya kukatia viwili, kinu na kinu mwenzake. Mwaka ule kikombe changu kilipopasuka, si unakumbuka alivyokitupa na chako kizima kabisa, akaenda kununua vipya viwili? Mke wa mwalimu alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la mkaa na gauni lake jeupe.

Halafu akasema, "Lakini huyo wifi yako si alishaondoka siku nyingi?" Hapo akanichefua. Nikamwambia ameondoka yeye, vyombo vyake vipo, na vyombo vyake vikiwepo na yeye yupo. Ndivyo Mama alivyoniambia siku ya kwanza naingia nyumba hii. Yeye alivyoolewa aliomba kisu kwa mawifi zake mpaka akaota mvi, akaapa kwenye jiko lake hakuna mwanamke atakayeomba wala kuazima kisu, awe amezaliwa humu au ameletwa. Siku ukivihamisha vyako ndiyo tutajua umehama. Na chujio sikumpa, si langu si lako. Nilimpa kitambaa.

Leo nimeosha vyote, vyangu vilivyotumika na vyako vilivyokaa tu. Kisu chako nimekifuta kutu kidogo hapo kwenye shingo, mwiko nimeupaka mafuta. Huo mwiko wako, wifi! Juzi wangu ulikuwa haujakauka, nikasema ngoja nikorogee wako. Weee! Umeliwa upande mmoja na huo mkono wako wa kushoto, ukiushika kwa kulia kama binadamu wengine unakukimbia, uji ukanirukia mpaka kwenye kope. Na kisu ndiyo usiseme. Umekinoa kinyume maisha yako yote, mimi nikikata kitunguu kinakwenda nje kama kimeona polisi.

Mama mzima, anakula, anacheka. Kila asubuhi anatenga vyombo mezani kama kawaida yake, kisu changu mpini kulia, chako mpini kushoto. Namwachia, inamchangamsha. Kaka yako yupo na mashine yake ya kuchomelea, ametengeneza geti la watu likakataa kufunguka, tumecheka mpaka basi.

Bweni likifungwa mwezi wa nne uje, usilete sababu. Barua nampa dereva wa lori la unga, akichelewa mlaumu yeye.

Wifi yako,
Redio (hilo jina mlilonipa mtaani nimeshalizoea, sina ugomvi nalo)


24/3

Redio,

Barua yako niliisoma jikoni kwa sauti, wapishi wenzangu wakaacha masufuria yakaungua. Wanafunzi wamekula maharage yana moshi kwa ajili yako. Mpishi mkuu anauliza kama mke wa mwalimu alinyanyuka kwenye gunia au bado amekaa.

Huku kisu ni cha kila mtu, kwa hiyo hakina mwenyewe. Ukikinoa asubuhi, mchana mtu kafungulia nacho kopo. Huwa nakikumbuka kisu changu kuliko ninavyomkumbuka kaka yangu. Usimwambie. Au mwambie.

Na usikoroge tena na mwiko wangu. Unauharibu.

Mkono wenyewe siku hizi unaniletea maringo. Nikishika ule mwiko mkubwa kama kasia unakufa ganzi, nasimama nausubiri, unarudi tunaendelea. Uzee huo unabisha hodi, mimi sijafungua.

Mwezi wa nne nakuja. Mwambie Mama anitengee.

Shoto


Jumapili, tarehe 5 mwezi wa tano

Wifi,

Naanza na hili kabla sijasahau: hukuja, na hukusema huji. Mimi nimekasirika, kwa hiyo usidhani nacheka.

Ile siku tuliyokutegemea Mama alianza kujiandaa tangu alfajiri. Alikisugua kibao chako kwa chumvi, akakianika kivulini kisipasuke, akakaa mlangoni na kitenge chake kipya. Kila mwanamke akipita anauliza, "Ni yeye?" Namwambia Mama huyo mfupi, Shoto ana urefu wa mlingoti. Mpaka jua likazama. Nikamwambia umechelewa lori. Kesho yake tena. Nimeishiwa malori, wifi.

Nikamuuliza dereva wa unga, na yule bwana kwa umbeya tunakaribiana, akasema bwenini hakukuona, wamemwambia umeondoka. Umeondoka kwenda wapi? Nikajua tu. Kuna mtu. Shoto umepata mtu unatuficha! Hata kama ana upara, hata kama meno hayajatimia, mlete tumuone, mimi nitacheka siku moja tu halafu nitanyamaza.

Mama mzima. Haulizi sana.

Andika upesi, roho yangu haijatulia.

Redio


26 Mei

Mpendwa wifi,

Natumaini barua hii itakukuta katika hali njema. Mimi ni mzima wa afya. Nimeacha kazi ya bweni. Nimepata kazi nyepesi kwa mshonaji mmoja, nami ninaishi hapo hapo kwake. Kwa sasa sitaweza kusafiri.

Kuhusu vyombo vyangu, usihangaike navyo tena kila Jumamosi. Unaweza kumpa mtu yeyote anayetumia mkono wa kushoto. Mimi havinifai.

Mwambie Mama nimenenepa.

Wifi yako,
Shoto


Tarehe 2 mwezi wa sita

Shoto, au niseme Bibi Mkubwa,

Natumaini barua hii itakukuta katika hali njema! Nani alikufundisha kuandika hivyo? Hizo herufi zimelala kwenye mstari kama shati lililopigwa pasi, na wewe zako zilikuwa zinaanguka kwa mgongo kama walevi wa mwisho wa mwezi. Umeingia shule au huyo mshonaji ndiye anakuandikia? Maana huyo mshonaji ni mwanamume, usinifiche, nimeshamjua, ana tepu shingoni na maneno matamu. Na jikoni kwake kuna vyombo vipya vya kung'aa, ndiyo maana vyetu havikufai.

Sawa. Penda unayempenda. Lakini vyombo vyako havitoki ukutani. Na sasa nitakwambia kwa nini, ingawa nilijiapiza nisikwambie, nikijua utaacha kazi na kukimbilia huku.

Mama hayupo sawa, wifi. Anakula kweli, anacheka kweli, hapo sikukudanganya. Ila amesahau kwamba uliondoka. Kwake wewe umetoka asubuhi hii hii. Akishatenga vyombo anakaa, anasema, "Shoto bado hajarudi sokoni?" Nasema bado, kuna foleni. Anasema, "Basi usianze kukata, msubiri mwenzio." Na mimi nasubiri kweli, nakaa na kisu mkononi, mpaka akipitiwa na usingizi ndiyo nakata vitunguu. Kaka yako anakula chakula cha mchana jioni.

Siku moja nilikitoa kisu chako mezani nikifute. Alilia, wifi. Mama yetu yule, aliyemfukuza mwizi na mchi, alilia kama mtoto, anasema nimemfukuza mwanawe. Sasa nimpe nani vyombo vyako? Mpishi gani wa kushoto nimletee apite mbele ya Mama navyo?

Njoo. Na mshonaji wako njoo naye, na cherehani mkitaka. Kaa mezani siku moja tu, mpini kushoto, akuone. Sikuombi kingine maisha yangu yote.

Redio


Tarehe 14 mwezi wa saba

Mama tumemzika juzi.

Nilimtuma dereva akwambie kwa mdomo, amesema ujumbe aliuacha mlangoni kwa mwanamke mmoja mwenye sindano mdomoni. Kwa hiyo ulijua. Kaka yako alisimama barabarani akikusubiri mpaka watu wakamshika mkono, wakamwambia muda umekwisha.

Alikwenda vizuri, hakuteseka. Lakini nitakwambia jambo moja, maana nikikaa nalo litanipasua. Zile siku zake za mwisho, akitenga vyombo, akaanza kuweka vyote viwili mpini kulia. Changu kulia na chako kulia. Nikawa nakigeuza chako akiangalia pembeni. Akirudisha macho anakigeuza tena kulia, taratibu, kama mtu anayejua anachofanya. Nikajua basi, hata mkono wako sasa ameusahau. Amekuzaa na huo mkono, alipigana na walimu wasiufunge kamba, ameusahau akiwa anakusubiri. Na wewe upo kwa fundi cherehani.

Vyombo vyako nimevifunga kwenye gunia. Vimekaa chini ya meza. Ulisema havikufai. Sema nimpe nani.

Mke wa kaka yako


4/8

Redio,

Barua hii naandikiwa. Anayeandika ni mshonaji. Ni mwanamke, ndiye anayenitunza, ana mume wake na domo kama lako, mngepatana. Ile ya kwanza aliniandikia yeye kwa adabu zake. Leo nimemwambia aandike kama ninavyosema, asininyooshee maneno.

Mwezi wa nne nilikuwa nimeshafunga begi. Nilikuwa nakoroga sufuria la mwisho kabla wanafunzi hawajaenda kwao. Mkono ukafa ganzi. Nikasimama nikausubiri kama siku zote. Haukurudi. Mguu ukaufuata, mdomo ukaenda upande, wakanibeba juu ya mlango wa stoo. Hospitali wakasema kiharusi. Upande wa kushoto, wifi. Wote. Mdomo umerudi kidogo, ndiyo maana huyu ananielewa. Mguu naburuta. Mkono umelala mapajani kama mtoto wa watu niliyeachiwa nimshikie.

Sikusema kwa ajili ya Mama. Uliniandikia mzima, anakula, anacheka. Nikasema habari hii itamwondoa, acha wadhani nimepata mwanamume. Kumbe na wewe ulikuwa unanificha ili nisiache kazi, na kazi yenyewe ilikuwa imeshaniacha. Kama ningejua Mama ananisubiri nitoke sokoni, ningekuja mwezi ule ule, hata juu ya magunia ya unga.

Ile barua yako ya mwezi wa sita ilipofika nilisema naondoka. Nilianguka hapo hapo mlangoni. Nilirudishwa hospitali, na habari ya msiba imenikuta huko. Nilikuwa kitandani, Redio. Mwambie kaka nilikuwa kitandani, asisimame tena barabarani.

Mshonaji analia. Nimemwambia asiloweshe karatasi.

Sasa vyombo. Vitoe kwenye gunia uvirudishe ukutani. Usimpe mtu. Lakini havinifai, hilo sikukudanganya. Natakiwa nijifunze kwa mkono wa kulia, kama binadamu wengine. Kisu cha humu ndani nakishika kinaniteleza, mwiko wa humu mgeni kwangu, uji wa mtu mmoja unanishinda nikiwa nimepikia bweni zima. Nikakaa nikawaza, mimi najua mkono gani wa kulia? Nikaona ni mmoja tu, wako. Nimesimama ubavuni kwako miaka yote ile tunagongana viwiko, naujua unavyokwenda kuliko mguu wangu. Mwiko wako umeliwa kulia. Kisu chako kimenolewa kulia. Vyenyewe vinajua njia, labda vitanionyesha.

Niazime, wifi. Mama anisamehe, neno hilo ndilo alilolikataza jikoni kwake, na mwanawe ndiye wa kwanza kulisema.

Kurudi, sirudi. Daktari amekataa safari, na hata angekubali, sijui ningeingiaje jiko hilo lisilo na wa kuuliza kama nimerudi sokoni.

Shoto. Bado naitwa hivyo, usibadilishe.


Tarehe 18 mwezi wa nane, lori lipo nje

Shoto wangu, Shoto wangu,

Barua nimeisoma nimekaa juu ya lile gunia la mkaa, na gauni langu zuri, mke wa mwalimu mkuu akipita angenicheka. Nikamsomea kaka yako. Ameenda kuchomelea geti la watu bila miwani, sasa macho mekundu anasema ni cheche. Nimemwambia ndiyo, cheche.

Yale niliyokuandikia mwezi ule na jina nililoweka mwisho, tia kwenye moto. Na huyo mwanamke mwenye sindano mdomoni mwambie nilimtukana bure, nampenda, ila barua zangu azisome polepole.

Huazimi. Usilitamke hilo neno, Mama atanigeuzia sufuria. Tunabadilishana. Vyangu vinakuja kwako, vyako vinabaki na mimi, kwa hiyo mimi nitakuwa huko na wewe utakuwa hapa, na mke wa mwalimu akiuliza tena atajua leo nina jibu. Kwenye kifurushi kuna kisu, nimekifunga kwa kile kitenge kipya cha Mama, na mwiko, na kibao changu. Kibao ukiwekee kitambaa kibichi chini kisitembee, maana mkono wa kukishikilia huna. Kisu usikiache kwenye maji hata kidogo, kina wivu, kinashika kutu. Mwiko Jumamosi upake mafuta, uuanike kivulini, na uushike karibu na kichwa, usiushike mwishoni kama unavua samaki. Wenyewe unapenda kwenda kulia, uache uende, usishindane nao. Ukikushinda ukae chini upumzike, uutukane, uanze tena. Mimi nimeanza kukoroga kwa kushoto ili wako usilale. Uji uko ukutani, wifi, uko kwenye saa, kaka yako amejifunza kula akiwa mlangoni.

Vyako nimevitoa kwenye gunia. Vipo ukutani peke yao, upande wangu misumari mitupu, inaumiza macho kidogo lakini nitazoea.

Sasa nikuulize, na unijibu kweli, maana hapa sina mwingine wa kumuuliza. Kila asubuhi bado natenga. Siwezi kuacha, mikono inakwenda yenyewe. Na kila asubuhi naikumbuka ile mikono ya Mama inavyokigeuza kisu chako, kulia, kulia, na mimi namgeuzia nyuma yake, naona huruma, nasema amesahau. Kwani alijuaje, Shoto? Mimi nasema labda hakujua. Labda alisahau tu kama nilivyodhani, mtu akizeeka anasahau. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nakigeuza, wifi. Yeye anaweka sawa, mimi natengua.

Basi nasimama pale mezani na kisu chako kama mtu aliyepotea njia. Nikikiweka kushoto naona kama nakucheka. Nikikiweka kulia naona kama nimekubali kwamba ule mkono umeshalala na hautaamka. Kaka yako anasema weka popote. Mwanamume anajua nini. Jana nimekaa nacho mpaka chai ikapoa na

Huyo dereva, "Redio! Unaandika barua au kitabu?" Nimemwambia lori lake lina mimba mpaka lishindwe kusubiri? Anapiga honi, mtaa mzima umetoka nje. Nakuja! Kaka yako ameshampa kifurushi, ananyoosha mkono nimpe na hii karatasi. Wifi, sijamaliza. Niambie tu ule mpini niuelekeze wapi, maana kesho asubuhi mimi